Papa, Mlango Wako Umekauka

Kwako Papa,

Nimeketi sebuleni hapa Bel-Air, mikono yangu bado inanuka esansi ya magari, na moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nina habari moja tu ya kukupa: mlango wako wa mbele umekauka. Najua utacheka, maana aliyeuharibu ni mimi.

Unakumbuka mlango huu ulikuwa meza kwanza? Watu wengine huanza na msingi, wewe na mama mlianza na mlango. Hamkuwa na kiwanja bado, lakini ulipata mbao nzuri za mulombwa ukaona ni dhambi kuziacha. Kila jioni ukitoka kazini ulichonga, na ulipomaliza mkaulaza juu ya kreti za bia katika kile chumba cha kupanga, tukawa tunakula juu yake. Yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa, na mimi tulijifunza kuandika hapo. Siku ulipousimamisha kwenye nyumba hii nililia kwamba mmetunyang'anya meza. Ukaniambia, "Basi utakulia mbele ya mulango, shida iko wapi?" Nikala hapo wiki nzima, mtoto mkaidi niliyekuwa.

Halafu kukawa na mambo ya vidange. Kila mwaka, mvua zikikaribia, ulikwenda gereji ukarudi na kopo la mafuta machafu ya injini, ukaupaka mlango mzima kwa kitambaa ili mchwa wasiuguse. Nyumba ilinuka kama lori. Rafiki zangu wa shule waliuegemea wakaondoka na mistari myeusi kwenye mashati meupe, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Mwaka jana uliniita nikushikie kopo kwa sababu magoti yalikuwa yanakuuma. Nilikujibu, "Papa, unatuletea aibu. Watu siku hizi wanapaka rangi." Ulivuta kigoda, ukaupaka peke yako ukiwa umekaa, na sehemu ya juu ukaifikia kwa kufunga kitambaa kwenye mti wa ufagio. Jibu lile nimelibeba tangu siku tuliyokuzika.

Ulipoondoka, mama alibaki peke yake hapa. Yaya Ilunga, kila akitoka kazini Luano, alipita kumtazama, na kila akipita aliutazama mlango. Jumapili moja akaja na mita, akapima fremu bila kutuuliza.

"Mama, bevi bako bengi. Minataka kukuwekea mulango ya chuma," akasema, akiwahofia wezi.

Mama hakuinua sauti. "Miye niliolewaka na ule mulango mbele ya kupata nyumba. Siku munautosha pale, munaweka ingine, minaenda Pweto kwa dada yangu. Na sitarudia."

Unamjua mama. Kesho yake dada yake akapiga simu kutoka Pweto kusema chumba kimeshafagiliwa. Nikaona tunampoteza na yeye, mwaka ule ule. Nikamsihi yaya anipe msimu mmoja wa kiangazi: nitaupaka mlango uwe mzuri, kisha aamue.

Dukani muuzaji aliniuliza, "Munataka brillant, satiné, ao mat?" Nikachukua brillant bila kufikiri, ile inayong'aa kama kioo, ya kijani. Nilitaka wapita njia wakiona waseme nyumba hii bado ina mwenyewe. Nikauosha mlango kwa sabuni mara moja, nikaamini sabuni imemaliza kazi, nikapaka.

Papa, haikukauka. Siku ya kwanza nikasema ni baridi. Siku ya pili nikasema ni rangi mbaya. Vumbi jekundu la barabarani lilikuja lote likanata, na nzi wakafia humo. Siku ya tatu dada yako, shangazi Odile, alikuja kutusalimu, akauegemea huku akivua viatu, na kikwembe chake kipya kikabaki kimeng'ang'ania. Tulimbandua taratibu, mama akivuta nguo na mimi nikivuta shangazi. Alinitazama akasema, "Weye mutoto, unanitega sawa panya?" Mama akacheka mpaka akakaa chini. Lakini yaya hakucheka. Alisema amekwisha kuzungumza na fundi wa kuchomelea, na jioni ile mama akashusha begi lake kutoka juu ya kabati.

Nikakimbia kumtafuta fundi Musonda, yule mpaka rangi wa barabara ya pili. Alikwangua kidogo kwa kisu, akanusa, akanigeukia. "Nani alinywesha huu mulango vidange?"

"Papa. Kila mwaka."

"Rangi haishike ju ya mafuta. Ungeniuliza kwanza."

Akachukua bisibisi akaichoma chini ya mlango, pale mchwa huanzia. Haikuingia. Akajaribu pembeni, akajaribu fremu, yote ngumu. "Kwa jirani yenu nilitosha fremu kwa mukono, imebakia unga. Hapa muchwa hazikuonjaka hata kidogo," akasema. Akamwita yaya aje ausukume kwa bega. Yaya, na ule mwili wake, akausukuma mara mbili, akasimama akijishika bega. Nilikuwa na haya na furaha kwa wakati mmoja. Yale mafuta niliyokuambia yanatuaibisha ndiyo yaliyotuachia mlango.

Yaya alikubali kusubiri. Tukaung'oa kwenye bawaba, tukaziba nafasi yake kwa ubao mwembamba wa triplex, na yeye mwenyewe akahamia sebuleni na godoro ili mama asiogope. Musonda aliikwangua rangi yangu yote. Kisha ikawa kazi yangu: kuufuta kwa esansi, kuuacha juani mafuta yatoke, kuufuta tena, siku baada ya siku, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kila kitambaa cheusi nilichokitupa nilisema "nisamehe, Papa", na sikujali kama jirani ananisikia. Ndipo tukapiga msasa na kupaka rangi ya kwanza, ile ya kuziba mafuta yaliyobaki ndani.

Safari hii sikuchagua mimi. Musonda alipaka mabaka matatu, moja la kila aina, kwenye kipande cha triplex, akamwekea mama mapajani. Mama aliligusa la brillant akalisukuma mbali.

"Hii hapana. Nikirudia toka kanisa nitajiona pale ndani, miye peke yangu."

Akaparuza la mat, lisilong'aa kabisa, kwa ukucha. "Hii itakula mavumbi, na miye siko tena na mikono ya kusugua."

Kwenye satiné, lenye mng'ao mdogo, alikawia. Aliinamisha kipande, akakiinua tena kwenye mwanga. "Hii iko sawa muntu mwenye alitoka kuoga akajipakaa mafuta. Wekeni hii."

Mimi nilikuwa nimefikiria wapita njia, yeye alifikiria kurudi nyumbani bila wewe. Rangi ni ile ile ya kijani, ila sasa imetulia, na ukiigusa mkono unarudi mkavu. Yaya ameongeza komeo nene la chuma kwa ndani, na amemlipa fundi wa kuchomelea usumbufu wake kwa chupa mbili za bia.

Jana tuliurudisha. Mama aliufunga, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akachukua simu akampigia dada yake, na sauti ikasikika mpaka uani: "Dada, ule kitanda, lalisha bageni bengine. Miye unitumie samaki tu."

Papa, nilikukosea kwa maneno yale, na hukunirudishia neno. Nilidhani nitabeba jambo hilo maisha yote, lakini leo ni jepesi. Nimelia asubuhi hii, kilio cha mtu aliyepumua. Begi limerudi juu ya kabati, tupu.

Pumzika sasa, usiwe na wasiwasi na sisi. Mama yuko nyumbani.

Ni mimi, binti yako mkaidi.