Diski Tano za Athieno

Phiona, uko? Ni mimi Maloba. Nimejifungia chooni hapa ofisini kwa wakili.

Umeme umekatika saa saba na dakika mbili, seva ya wakili imeungua, imekufa kabisa na faili zote ndani. Mimi nikatulia. Si unajua skripti yangu inakopi faili zote kwenye diski kila siku saa saba?

Nikamwambia Athieno, sekretari wake, nipe diski ya jana. Akafungua kabati. Diski tano nilizomwachia abadilishe moja kila siku, zote bado kwenye nailoni! TANO!

"Nilizitunza," akasema. "Si ulisema moja inaandikwa tena na tena?"

Moja! Ile ile iliyochomekwa kwenye seva tangu mwanzo! Phiona, skripti inafuta diski kwanza, ndipo iandike. Leo imefuta tu, umeme ukaenda. Diski hiyo ni tupu.

Kesi ya mashamba ya watu wa Bulumbi ni kesho. Namsikia Athieno huko nje: "Wakili, usiogope, Maloba ana kopi zote."