Vipande Viwili vya Memori

Garissa, Jumatano, Machi 1997

Joto la leo lilianza kabla ya jua. Niliamka shuka limeniganda mgongoni, na upepo ulikuwa umeshaleta vumbi la barabara mpaka ndani ya kikombe changu cha chai. Sasa magharibi imeshaadhiniwa. Nimekaa mlangoni kwangu, sina hamu ya kupika, sina hamu ya kuongea na mtu. Acha niandike.

Leo nimeitengeneza kompyuta iliyokufa. Nilifurahi kwa muda mfupi sana.

Nieleze vizuri, nisije nikajidanganya nikisoma hapa mwakani. Chuo chetu cha kompyuta kina mashine mbili tu. Moja iko chumba cha wavulana, anakofundisha Mutua, kijana wa Kitui mwenye moyo mzuri na uvivu wa wastani. Nyingine iko chumba cha wasichana, ninakofundisha mimi. Katikati kuna ukuta. Wazazi walikubali kuwaleta mabinti zao kwa sharti la ukuta huo, na mimi Mtaita niliyetoka Wundanyi sina ugomvi nao. Bila ukuta nisingekuwa na mwanafunzi hata mmoja.

Mtihani wa mwaka huu umekuja na programu mpya, nzito, na mashine zetu zilikuwa zinagoma katikati ya kazi kwa kukosa memori ya kutosha. Kamati ya chuo ikaagiza memori kubwa kutoka Nairobi. Mfanyabiashara mmoja wa sokoni ndiye aliyeileta: vipande viwili vyembamba, kila kimoja kirefu kuliko kidole, vimefungwa pamoja katika mfuko mmoja. Maelewano na duka la Nairobi yalikuwa kwamba vile vidogo vya zamani virudishwe huko.

Hapo ndipo kikao kilipoanza.

Mtu asiyeishi huku hawezi kuelewa. Garissa kitu hakiingii mahali bila kugawanywa. Iwe gunia la sukari, iwe nyama, iwe nafasi ya kupanda lori, kitagawanywa mbele ya macho ya watu, na asiyepata atajua kwa nini hakupata. Kisipogawanywa, kinachogawanyika ni watu. Wajumbe wawili wa kamati walitaka vipande vyote viende kwa wavulana, kwa sababu ndio wengi. Mwenyekiti, Haji Dekow, akakataa. Ni mzee mpole, mfanyabiashara wa ng'ombe, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Siku ile aliipaza.

“Fitu ni fiwili, kombiuta ni mbili,” alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali. “Kila mtu abate haki yake. Wallahi, hawa wasichana bia ni watoto wetu.”

Akachukua wembe, akaupasua ule mfuko mbele yetu sote. Kimoja akampa Mutua, kimoja akanipa mimi. Niliona machozi yananilenga, mimi ambaye hata msibani huwa nashikwa na hasira badala ya kulia. Miaka miwili nimefundisha hapa kwa kupewa mabaki: kiti kilichovunjika, kibodi isiyo na herufi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza chumba changu kupewa sawa na kile kingine.

Umeme haukuwepo siku ile. Tulifungua mashine kwa bisibisi, tukatoa memori ya zamani, tukachomeka mpya bila kujaribu chochote. Mfanyabiashara akaichukua ile ya zamani na alfajiri akapanda basi.

Umeme uliporudi jana, nilibonyeza swichi. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Kisha ukatoka mlio, ti, ti, ti, wa kitu kinacholalamika. Nikazima, nikawasha tena. Ti, ti, ti. Nikausikia mlio uleule ukitoka upande wa pili wa ukuta, kwa Mutua.

Na mtahini alikuwa ameshafika kutoka Nairobi.

Sasa niseme juu ya Fardosa, maana yote haya ni juu yake. Ana miaka kumi na tisa, anakaa kwa shangazi yake hapa mjini, na ndiye mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha, wa upande wowote wa ukuta. Babake anafuga ng'ombe kule Bura. Alimkubalia kusoma hadi siku ya mtihani. Akiwa na cheti, ambacho mtahini hukitoa siku ileile, kliniki moja hapa mjini imeahidi kumwajiri, na baba ameridhia. Asipokuwa nacho, kuna mwanamume wa Tarbaj ambaye ameshaleta posa, mtu mzima mwenye mke na duka. Babake si mtu mbaya. Alitoa neno lake na hakuliongezea wala kulipunguzia. Leo asubuhi alikuwa ameshafika na lori la ng'ombe, amekaa kibandani anakunywa chai, anangoja matokeo ya neno lake.

Mtahini alipoambiwa kwamba mashine zote mbili zimekataa kuwaka, hakukasirika. Alisema yatokea. Kama hazitawaka, alisema, ataandika kwamba kituo hakikuwa tayari, na atarudi baada ya Idd kuwatahini wote. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu. Lilipita tu. Mawazo yangu yote yalikuwa ndani ya lile sanduku.

Nilianza kazi saa moja. Nilikitoa kipande changu, nikafuta meno yake kwa raba ya penseli, kwa maana vumbi la huku linaingia hata ndani ya yai. Nikakirudisha. Ti, ti, ti. Nikakihamishia nafasi nyingine, kwa maana ziko nne. Kimya kilekile cheusi. Nikamwomba Mutua aniazime chake, nijue kama changu ndicho kibovu. Nikakiweka peke yake. Ti, ti, ti.

Wasichana walikuwa wamekaa nyuma yangu, wote sita. Fardosa ndiye aliyekuwa akinishikia bisibisi.

Sikuwa na akili iliyobaki, nilikuwa na ukaidi tu. Nikavichomeka vyote viwili pamoja, kimoja kando ya mwenzake. Nikawasha.

Mlio mmoja, mfupi. Kisha namba zikaanza kuhesabu juu ya kioo, zikipanda na kupanda, na wasichana wakapiga kelele mpaka Mutua akaja kugonga ukuta.

Ndipo nikaelewa. Mashine hizi hazikubali kipande kimoja. Zinataka viwili vinavyofanana, ama havifanyi kazi. Duka lilivifunga pamoja kwa sababu vilikuwa vya kompyuta moja. Tulichokigawanya kwa haki namna ile hakikuwa kitu cha kugawanywa.

Mtu mwenye busara angefanya nini hapo? Angefunga mlango taratibu. Angemtuma mtu amwite mtahini, amwambie wasichana wako tayari, tuanze na wao. Mimi sikufanya hivyo. Nilitoka nje mbio, mikono imejaa vumbi, nikapita uani nikipiga kelele, “Haji! Haji! Imewaka! Vilikuwa vinatakiwa viwili pamoja!” Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga, lakini wangu haukuniponza mimi.

Kamati nzima ilikuwa uani. Walikuja, wakatazama kioo, wakatikisa vichwa kwa mshangao. Haji Dekow alicheka kwa furaha ya kweli. Halafu mmoja wa wale wajumbe wawili akauliza swali lililokuwa linangoja: kama memori inatosha kompyuta moja tu, ni kompyuta ipi?

Hawakubishana hata kidogo. Wavulana ni kumi na wanne. Wasichana ni sita. Haji alinitazama, akatazama chini. “Waanze wale wengi,” alisema. “Baadaye fitu firudi kwako. Saa iko, mwalimu, inshallah. Heri nusu shari.”

Mutua ndiye aliyevichomoa. Hakuweza kuniangalia usoni.

Ningeweza kuomba wasichana watahiniwe kule kule, na niliomba. Lakini chumba kile ni cha wavulana, na hakuna baba ambaye angeruhusu, achilia mbali babake Fardosa, aliyekuwa hatua chache tu kutoka langoni. Kwa hiyo tulikaa. Asubuhi nzima tulikaa mbele ya kompyuta isiyo na memori, tukisikiliza kupitia ukutani vijana wakibonyeza herufi mmoja baada ya mwingine. Niliwaambia wasichana warudie masomo kwenye madaftari. Fardosa aliweka vidole juu ya kibodi iliyokufa akafanya mazoezi hivyo hivyo, bila kioo kuonyesha kitu.

Wavulana walimaliza adhana ya adhuhuri ikianza. Watu wakaenda kuswali, na hilo halina mjadala. Waliporudi, nilimwendea Haji mlangoni nikamwambia tuhamishe sasa, gari la mtahini linaondoka na eskoti. Magari ya Nairobi yanasindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa njiani, na askari hao hawamngoji mtu.

“Mgeni hajakula,” alisema Haji.

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Mgeni aliyetoka Nairobi hawezi kuondoka hapa bila kula. Ingekuwa aibu ambayo ingezungumzwa hadi Lafey, kule mpakani. Nilimwambia hata msichana mmoja tu, Haji, mmoja tu atahiniwe wakati wengine wananawa mikono. Akasema kwa upole kwamba hatutamsimamisha mgeni mbele ya chakula. Nami nilisimama nje, kwenye jua, nikinusa pilau. Nimewahi kuwachukia watu katika maisha yangu, lakini sijawahi kumchukia mbuzi kama leo.

Walipomaliza, Mutua alikimbia na vipande mkononi. Alikimbia kweli, na ninamwandikia hilo. Nikavichomeka, nikawasha, ikawaka mara moja bila shida yoyote. Fardosa alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Aliandika jina lake, jina la babake, jina la babu yake, kama wanavyojitaja hapa. Mtahini alitokea mlangoni na kijiti cha meno mdomoni. Kule barabarani askari wakapiga honi.

“Pole sana, madam,” alisema. “Hawa hawanisubiri.”

Nikamkumbusha ahadi yake ya asubuhi, ya kurudi baada ya Idd. Akanieleza kwa adabu, akifunga mkoba wake. Ahadi hiyo ilikuwa ya iwapo kituo kisingekuwa tayari. Sasa kituo kimeshatahiniwa. Watahiniwa kumi na wanne wamefanya, sita hawakufanya, na hana namna ya kuwaandika ila kwamba hawakuwepo. Wajiandikishe tena mwaka ujao.

Hawakuwepo. Walikuwa wamekaa mbele yake.

Alipoondoka, Haji Dekow alisimama uani peke yake, mkono juu ya ndevu. Nadhani yeye pia alikuwa ameelewa. Siwezi kumchukia. Ndiye pekee aliyewahi kusema wasichana wangu wana haki, na aliisema kwa kiapo.

Nilimsindikiza Fardosa hadi kwenye lori. Hakulia. Shangazi yake ndiye aliyekuwa akilia, amekumbatia kifurushi cha nguo. Babake alinisalimia vizuri, akaniambia ahsante kwa kazi yangu, akaniombea Mungu anilipe. Nilijaribu kumweleza: kwamba binti yake hakushindwa, kwamba ni muda tu uliokwisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama cheti kipo au hakipo, nami nikasema hakipo.

Fardosa alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye chuma cha kupandia. Akageuka.

“Ungewacha yote mbili imekufa tu, mwalimu,” alisema, bila hasira. “Sisi wote tungengoja.”

Kisha akapanda, akakaa karibu na babake, lori likaondoka kuelekea Bura.

Nimekuwa nikiligeuza neno lake tangu saa tisa. Natafuta mahali palipo na kosa ndani yake, na sipaoni. Nilipewa mashine iliyokufa na saa za kutosha, na kama ningekunja mikono tu, kama ningekuwa mvivu kama ninavyomsema Mutua, Fardosa angelala kwa shangazi yake leo. Kazi nzuri niliyoifanya ndiyo iliyomtia kwenye lori. Kama kuna sala ya kuombea jambo la namna hiyo, mimi sikufundishwa.

Wundanyi nilifundishwa kwamba kitu kikiharibika unakitengeneza. Sikufundishwa kuuliza kwanza ni nani atakayekitumia.

Jioni hii Haji amenitumia ujumbe kupitia kwa Mutua. Kamati imekaa tena, na imeamua kwamba hadi memori nyingine ipatikane, vipande viwili vitakuwa vinahama: siku moja chumba cha wavulana, siku moja chumba cha wasichana, bila upendeleo. Mutua alivileta vimefungwa kwenye kitambaa safi, akaviweka mezani kwangu, akaondoka bila kunywa hata maji.

Leo wametumia wavulana. Kesho ni zamu yetu.