Njia Panda Haigeuki

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeswali, nimempa mwanangu Nasra uji, nimekaa tena mbele ya meza ya marehemu mume wangu. Kitreni cha kuchezea alichokiunda juu yake kinazunguka vizuri. Kikifika njia panda ya reli kinapitiliza, hakikati kona kwenda stesheni. Siku ya msiba wanaume walitoa vitu vyote sebuleni tupate pa kutandika mikeka. Meza wakaiegemeza uani, waya wakazing'oa tu. Siwalaumu. Msibani nani anaangalia waya.

Athumani alikuwa hajaimaliza. Aliyeagiza ni Bi Salma, mwenye uwanja wa kuchezea watoto kule Wazo. Kanitumia ujumbe: kitreni kikifanya kazi anakichukua, na mie nikitoka eda ananipa kazi ya kukiendesha. Kisipofanya, narudi kwa mama Buguruni. Kodi ya hapa peke yangu sitaiweza.

Sijalia leo. Sisikii kitu.

Jumanne, 5 Agosti
Waya zote nyeusi. Athumani kazitoa kwenye redio mbovu. Ila ncha zake kazipaka rangi yangu ya kucha. Niliitafutaga sana ile chupa, kumbe. Moja nyekundu, moja pinki, moja haina rangi.

Isiyo na rangi nimeiunga upande mmoja wa adapta. Upande wa pili nikawa nagusisha na kuachia. Nyekundu: ta. Ulimi wa reli, kile kipande kinachogeuza njia, ukaenda stesheni. Pinki: ta. Ukarudi. Nimejua mwenyewe, sijaambiwa na mtu.

Nikageuka nimuite nimwambie. Halafu nikakumbuka.

Alhamisi, 7 Agosti
Kimepungua kitufe. Athumani aliweka kile cha kengele ya mlango, kimepotea siku ile ile. Kaja shemeji Hamadi, mdogo wake, fundi umeme wa majumba. Niko eda, kwa hiyo haingii. Anasimama koridoni nyuma ya pazia, anauliza, najibu. Naona kandambili zake tu.

Akanisogezea swichi ya taa chini ya pazia. Nikamwambia ile ya kwanza ilikuwa ya kubonyeza na kuachia. Akacheka.

"Shem, umeme ni umeme. Funga tu."

Nimefunga. Nimewasha. Ta, reli ikageuka, Nasra akapiga makofi. Nikaenda kuangalia maharage. Swichi nikaiacha imewashwa, kama taa.

Harufu ya plastiki. Narudi, moshi. Koili ya upande wa nyekundu, ule msokoto wa waya unaouvuta ulimi, imeungua kwa kukaa na umeme mfululizo.

Kandambili hazikusogea. Kisha akasema taratibu, "Mie ndiye nimeiua, shem."

Nikamwambia hapana, basi tu. Sina hata hasira. Ningeipata ningefurahi.

Jumamosi, 9 Agosti
Shemeji kaipeleka koili kwa fundi wa kusuka mota. Kaambiwa waya wake mwembamba kama unywele, hana. Kazunguka na maduka, hakuna. Bi Salma anakuja kesho.

Nimeanza kuangalia vitu. Kitanda hakitaingia kwa mama. Kabati labda.

Nasra kauliza kama kitreni kinaumwa. Nikasema kidogo. Kakifunika kwa kitambaa chake cha kulalia.

Jumapili, 10 Agosti
Asubuhi nafuta vumbi kwenye meza. Kidole kikagusa ulimi wa reli, ukaenda. Nikausukuma tena. Ukarudi. Kilichokufa ni koili. Reli ni nzima.

Nikampigia shemeji anitafutie spoku ya baisikeli. Kaja nayo, ncha kaikunja kwa koleo, kaipitisha chini ya pazia.

"Safari hii sijagusa umeme, shem."

Nimecheka. Kidogo, ila nimecheka. Sauti yangu niliisikia ngeni.

Spoku nimeipitisha chini ya mbao, kwenye tundu la waya, nikaikamatisha na ulimi. Ukivuta, stesheni. Ukisukuma, moja kwa moja.

Bi Salma kaja baada ya alasiri. Yeye mwanamke, kaingia, kanipa pole upya. Kakiangalia kinazunguka. Nikavuta, kikaingia stesheni. Akainama, akachungulia chini ya meza.

"Kwa hiyo hii bila mtu haigeuki?"

"Haigeuki. Lazima mtu akae hapa avute."

"Akae nani?"

"Mie."

 Akataka kuvuta mwenyewe. Kavuta mara nyingi, kama mtoto. Akasema koili nisihangaike nayo tena, na eda niimalize kwa utulivu, meza itanisubiri na yeye atanisubiri.

Alipotoka nikakaa sakafuni. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Jumatano, 13 Agosti
Nimefua. Nimechambua mchele. Hodi za majirani wawili, watatu.

Waya nimezitoa, hazina kazi tena. Ncha zenye rangi nimezikata, nimezifunga kwenye pindo la kanga.

Nasra ameshajua kuvuta. Kavuta, kitreni kikaingia stesheni, nikazima adapta. Kaniuliza sasa nani anashuka.

Nikamwambia tungoje tuone. Tukakaa, tunakiangalia.