Msimsaidie Nell

Tallow Bend, Mississippi
31 Mei

Mpendwa mwanangu Lakeva,

Habari za huko baharini? Mgongo umepona? Na hiyo meli inakulisha vizuri au bado ni yale mayai ya unga? Sisi huku wazima. Baba yako, huyu kaka yangu, anakohoa, lakini ni sigara zake, na ukimsema anakohoa zaidi makusudi. Mimi miguu inavimba jioni ila asubuhi naingia jikoni pale shuleni kama kawaida. Joto limeanza, na mbu ndio usiseme.

Mtoto wako Nell mzima, anakula, meno ya mbele yameota makubwa kama ya sungura. Nimetanguliza afya yake kwa sababu ukiyasoma haya mengine bila kujua hayo utaruka melini uogelee mpaka nyumbani.

Shule imetuletea adui. Anaitwa Delphine Rucker, katoka Jackson, kaletwa na jimbo kuwafundisha walimu wetu namna ya kufundisha kusoma. Mwembamba, viatu havitoi sauti, unageuka na sufuria la uji mkononi unamkuta nyuma yako. Wiki ya kwanza tu akabeba vile vitabu vya picha vya Bi Tubbs akavitia kwenye maboksi. Sheria mpya, anasema. Mtoto asibahatishe neno kwa kuangalia picha, asome herufi, sauti moja moja, mpaka neno litoke. Eti wataalamu wamechunguza wameona hiyo ndiyo njia.

Unamjua Bi Verlene Tubbs. Kakufundisha wewe, kanifundisha na mimi kile kidogo nilichonacho kabla sijaacha shule. Na mashairi ya Pasaka kanisani ni yeye anayewagawia watoto tangu zamani. Basi kaingia jikoni kwangu macho mekundu, kakaa juu ya gunia la viazi, kasema, "Ozella, kasichana kale hakajawahi hata kumfuta mtoto kamasi, kananiambia mimi sijui kusoma kunavyofundishwa." Nikamwambia uji wake leo nitautia madonge. Na nikautia.

Sasa hilo la sheria ndilo linalokuhusu. Darasa la tatu kuna lango. Mtoto anafanya mtihani wa kusoma kwenye kompyuta, akishindwa hapandi la nne, anabaki palepale wenzake wakiondoka. Nell wako ndiyo yuko la tatu. Haohao wa jimbo ndio waliomwacha Bi Tubbs afundishe kwa picha miaka yote, hakuna aliyemgusa. Leo wamebadili mawazo, na anayefungiwa mlango si wao, ni mtoto wa miaka minane mwenye meno ya sungura. Hapo bado nina hasira na nitakufa nayo.

Mwezi wa tatu huyo Rucker akaniita pembeni. "Mama Ozella, Nell hajui kusoma."

Nikamwambia, "Mtoto huyu Pasaka iliyopita kasimama mbele ya kanisa zima karatasi mkononi, kasema shairi lake lote. Wewe ulikuwa wapi?"

"Alilikariri," anasema. "Mpe karatasi ambayo hajawahi kuiona."

Nikasema sawa, Jumapili njoo kanisani, na uvae vizuri maana utaaibika mbele za watu.

Akaja, na gauni la rangi ya maji ya vyombo. Mimi nilishapanga na Mchungaji kwamba matangazo ya wiki asome Nell. Karatasi ya matangazo siku hiyo ilikuwa na picha ya samaki kwenye kikaango. Nell kapanda, kakwama neno la kwanza, na unajua kanisa letu, mtoto akikwama hatumwachi. Hapa mtu, "Taratibu, mwanangu." Kule mwingine, "Msaidie, Bwana." Bi Tubbs kiti cha mbele anamchezeshea midomo. Nell kamwangalia, kaangalia karatasi, kasema kwa sauti nzuri kabisa, "Jumamosi tutakaanga samaki uwanjani kwa kanisa, njooni wote na sahani zenu." Kanisa zima amina. Mimi nikageuka nikamtazama Rucker kwa pozi.

Yule mwanamke akasimama. Humohumo ibadani. "Sicho kilichoandikwa."

Weee, Lakeva. Shemasi Pettway kamwambia, "Keti chini, dada, hapa si Jackson." Bi Tubbs anamnong'oneza jirani kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwamba kuna watu hata nyumba ya Mungu wanakuja kukagua. Mimi nikasema mtu anayemwonea wivu mtoto mdogo aombewe. Rucker kachukua mkoba wake katoka, na viatu vyake visivyo na sauti. Karatasi za matangazo sote tulikuwa nazo mkononi. Tulikuwa tunajipepea nazo.

Jumamosi tukaenda. Mimi na beseni la kabichi, baba yako na sahani mbili, Bi Tubbs na pai ya pichi, kanisa lote. Uwanja mtupu. Jiko la gesi limefungwa mnyororo. Tumekaa tunawalaumu wapishi kwa kuchelewa, mpaka binti mmoja akatoa karatasi yake kwenye Biblia akaisoma. Imeandikwa samaki hakuna, kikaango kimetoboka, michango ya kununua kingine apewe Shemasi Pettway. Na Shemasi mwenyewe kasimama hapo hapo na sahani yake. Alidhani kikaango kingine kimeshapatikana, alimwamini mtoto.

Hakuna aliyecheka. Nell kashika mkono wangu, kaniuliza, "Bibi, nilikosea?" Mwanangu, kabichi lile nililimwaga njiani.

Nikamgeukia Bi Tubbs mbele za watu. "Miaka miwili umekaa na huyu mtoto. Hukuona?"

"Ozella, wote wanaanzaga hivyo, baadaye wanazoea."

"Wangapi hawakuzoea?"

Akaniambia nisimpandishie sauti, yeye ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu. Nikamjibu ndiyo, na hapo ndipo uliponiachia. Tangu siku ile hatusalimiani, na pai yake hakunipa.

Jumatatu nikamfuata Rucker. "Usifurahi," nikamwambia.

"Sifurahi. Ila Jumamosi mimi nilikula nyumbani."

Unaona mdomo huo? Nilitaka kumpiga mwiko. Badala yake nikamwambia mtoto atakuwa jikoni kwangu kila asubuhi kabla ya kengele, aje, na asitegemee chai. Akaja. Anakaa na Nell kwenye meza ya kukatia mikate, anachukua boksi la maziwa, anaifunika picha ya ng'ombe kwa kidole gumba. "Mdomo uanzie wapi? Halafu?" Nell analia, Rucker hapepesi kope. Nikisema neno lile nikiwa kwenye oveni, ananikata, "Mama Ozella, mtihani utaufanya wewe?" Mkavu yule, hata mkate wangu wa siagi kala bila kusema mtamu. Lakini hakukosa asubuhi hata moja, hiyo nitaisema.

Mwezi wa nne mtihani, Nell kashindwa. Ndiyo maana kwenye simu ile ya dakika mbili nilikuambia shule inaendelea. Wanapewa nafasi nyingine mwezi wa tano. Bi Tubbs akazungusha maneno kwamba ameshaongea na mtu wa bodi, mtoto anaweza kuandikwa kwamba ana ugonjwa wa kichwa, apitishwe bila mtihani. Alijidai ananisaidia. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua inayopita jeshini.

Jumapili kabla ya mtihani wa pili Nell kaniambia anataka matangazo tena. Nikamwambia si lazima. Kasema anataka. Karatasi haina picha hata moja, nilihakikisha. Kapanda, kaweka kidole, kaanza. Neno la tatu kakwama, na kanisa likaanza. "Taratibu, mwanangu." "Msaidie, Bwana." Bi Tubbs huyo, midomo inacheza, halafu kabisa akalitoa lile neno kwa sauti.

Nell kainua kichwa. "Msinisaidie," kasema.

Mzee mmoja nyuma akaguna kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Nikageuka nikamwambia afunge mdomo. Bi Tubbs kaangalia mkoba wake. Na mtoto kalivunja lile neno vipande vipande, kaliunga, kalisema, kaenda linalofuata. Polepole hivyo hivyo, mpaka mwisho, watu njaa inawauma, hakuna aliyesema amina mpaka alipomaliza. Kikaango kipya kimenunuliwa, ndivyo ilivyoandikwa.

Baba yako anakusalimu, mama wa Shemasi Pettway anauliza kama huko melini mna kanisa, na binamu zako wote wa Greenwood wanakukumbuka. Bi Tubbs naye kasema nikupe salamu zake, nimekupa. Anatangaza mjini kwamba Nell ni kazi yake. Rucker wanampeleka wilaya nyingine, kaondoka bila kuaga, na mimi sikumuuliza anakwenda wapi.

Mungu akushike mkono kwenye maji hayo na akurudishe ukiwa mzima.

Matokeo yametoka juzi. Amepanda la nne.

Ni mimi shangazi yako, nakupenda hata usipojibu,
Ozella

Barua hii usijibu kupitia kwangu. Andika jina la Nell kwenye bahasha. Zako za zamani kazitoa zote kabatini, anazisoma peke yake, na kaniuliza kwa nini nilipokuwa namsomea nilikuwa naruka pale unaposema mimi naongea sana.