Msumari kwenye Maji ya Tilincho

Jutiapa, Atlántida,
12 Machi 2006.

Mpendwa mdogo wangu Delmis,

Pokea salamu zetu sote, pamoja na za jirani Ubaldina, ambaye bado anadai ulimwahidi viatu. U hali gani na baridi ya huko Girona? Magoti yamepoa? Na huyo mzee unayemlea, ameacha kukuita kwa jina la marehemu mkewe? Sisi huku miili ni mizima. Binti yako Keidy amerefuka, sketi ya shule imeshakuwa fupi kwake.

Nakuandikia badala ya kungoja simu kwa sababu simu yetu ni ile ya dukani, na Mama husimama ubavuni mwangu mpaka naisikia pumzi yake. Haya sitaki ayasikie. Barua anakuletea mtoto wa Ubaldina, anapanda ndege Alhamisi.

Habari yenyewe ni ya Tilincho. Ulimwokota akiwa kinda, tukani mdogo, ndege wa mdomo mkubwa, asiye na hata unyoya, siku walipoangusha ule mti wa nyuma ya kanisa. Ulipoondoka ukamwachia Mama, ukasema ni kwa miezi sita. Sasa ni miaka minne. Mama amemdekeza kuliko alivyotudekeza sisi, na nasema hivyo bila wivu, au kwa wivu kidogo tu. Hula mkononi mwa Mama peke yake. Mimi nikimpelekea ndizi hunidonoa kidole.

Tangu Krismasi amekuwa akinyong'onyea. Tumbo lilivimba, akawa anahema mdomo wazi, hapandi tena kwenye kijiti chake. Mama alimfunua mdomo, akaona ndani kumepauka, akakata shauri kwamba hana damu. Kilichofuata unakijua, maana sote tulikipitia. Msumari ukachemshwa, ukachomekwa kwenye ndimu ukalala humo hadi asubuhi, na maji yake yakatiwa kwenye kikombe cha ndege. Kila siku, wiki sita. Juu yake machungwa na supu ya maharage mekundu, apate nguvu. Alipozidi kudhoofika, Mama akaongeza msumari wa pili.

Mimi nilikuwa naona na sikusema neno. Nilijua ndiyo dawa.

Jumatatu nikamtia kwenye boksi la viatu, nikapanda basi hadi La Ceiba kwa daktari wa mifugo. Akaniuliza anakula nini. Nilipofika kwenye msumari aliweka kalamu chini, akaniomba nirudie. Kisha akanieleza kwa upole kwamba ini la ndege huyu halijui kutoa chuma, hukirundika tu hadi kinamuua, na ndimu na machungwa hukisaidia kuingia. Apewe papai na ndizi, maji matupu, tena atolewe damu kidogo kila wiki. Ndiyo, mdogo wangu, huyo huyo tuliyesema hana damu. Atapona, akasema, mradi ale.

Njia nzima nilipanga kumwambia Mama ni minyoo. Nilimkuta mlangoni na kikombe cha maji tayari, nikakichukua, nikakimwaga. Uongo wangu ukaishia hapo.

“Ni mkono wangu, siyo?” akaniuliza.

“Mama, hukujua.”

“Sijakuuliza kama nilijua.”

Akawa anaukunja ukingo wa aproni yake. Halafu akasema, “Na Lastenia je?”

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Lastenia alinifuata mimi kuzaliwa, akafa kwa malaria akiwa na miaka minne, amepauka hadi midomo. Mama alimpa msumari na ndimu mpaka siku ya mwisho. Nilimwambia ilikuwa malaria, kila mtu anajua. Akanijibu kwamba kila mtu alijua pia kuwa Tilincho hana damu. Kesho yake nikampigia daktari, akasema mtu si tukani, maji ya msumari hayakumuua mtoto. Nikamfikishia Mama neno kwa neno.

“Huyo ni wa ng'ombe,” akasema.

Tangu hapo hataki kumgusa Tilincho. Hunawa mikono kwa sabuni mara mbili, tatu, hukata papai vipande vidogo, hunikabidhi sahani, kisha hutoka kwa mlango wa nyuma. Ndege akisikia ndala zake humwita. Mimi nikimnyooshea kipande, hugeuza kichwa. Juzi nilivaa aproni ya Mama nimhadae. Akameza vipande viwili, akanitazama usoni, akafunga mdomo. Havimtoshi, Delmis. Anakufa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa, na Mama mwenyewe anakula kidogo tu kama yeye. Naogopa, na sina mwingine wa kumwambia.

Wewe Mama anakuamini, kwa kuwa ulimtumia ile picha umevaa sare nyeupe kama ya wauguzi. Muulize daktari wa watu huko kama maji ya msumari yangeweza kumuua mtoto, uandike na jina lake. Piga simu Jumapili ijayo saa nne asubuhi yetu, watu wakitoka misa. Nitahakikisha anapokea Mama. Na daktari huyo akikuambia vinginevyo, piga hiyo hiyo saa nne, umwambie Mama kwamba hayakumuua. Dhambi hiyo iandikwe kwangu.

Msalimie binamu Rigoberto na mkewe, na mzee wako pia, hata kama hatakumbuka. Mungu akutunze katika nyumba za watu, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mama akishika simu, usianze na salamu. Anza na Lastenia.

Dada yako akupendaye,
Herlinda