Ramani ya Kijani na Mlango wa Zahanati

MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kwa jina la: Mwalimu Chaki
Umri: miaka 51
Kazi: mwalimu wa hisabati, katibu wa kamati ya intaneti ya kijiji
Makazi: nyumba za walimu, nyuma ya zahanati

Nimetakiwa niseme niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nasema.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, saa tatu asubuhi, alifika kijijini mpimaji kutoka ofisi ya mipango. Alikuja kupima mtandao ili vijiji vya kuletewa intaneti ya kasi vijulikane. Kijiji kisicho na mtandao hupakwa rangi nyekundu kwenye ramani, na fedha zinakwenda kwenye nyekundu. Chenye mtandao hupakwa kijani na kurukwa. Habari ya rangi sikuijua siku ile. Hakuniambia, nami sikuuliza.

Aliomba nimwonyeshe simu inaposhika. Nilimpeleka kwenye tangi la maji la shule, nikamshika mkono ngazini hadi juu. Kijiji kizima kina sehemu hiyo moja. Mgeni akija kwangu simkalishi kwenye kiti kilichovunjika, na sikutaka atuone washamba. Simu ilishika vizuri. Nilisaini fomu kwamba kipimo ni cha kweli kwa kijiji chote. Hakupima kwingine, alisema jua ni kali.

Tarehe 17 ramani ilibandikwa. Sisi ni kijani tupu.

Tarehe 19 mpimaji alirudi. Muda wa kutuma marekebisho ya ramani ulikuwa unafungwa siku hiyo saa sita mchana. Muuguzi wa zahanati, mke wa marehemu kaka yangu, alimwomba aje aone chumba cha kujifungulia. Mimi nilikuwa barazani, hatua tatu kutoka mlangoni. Nilimsikia muuguzi akisema: "Kaka, mwezi uliopita nilimwacha mzazi anavuja damu kwenye kitanda hiki, nikakimbilia kwenye tangi kuita gari. Niliporudi alikuwa amekwisha. Umeandika hapa pana mtandao. Basi tuma marekebisho kutoka hapa."

Akatoka, akamfungia ndani kwa ufunguo. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Mpimaji alikuwa na simu mbili na kompyuta. Mwanzoni alicheka, akasema dada, utani umetosha. Kisha nikasikia kitanda kikiburutwa. Mkono ukatokeza kati ya nondo za dirisha, umeshika simu, ukaizungusha huku na huku.

Shemeji akamwambia, "Inua kidogo, kaka. Kijani iko karibu na dari."

Watu barazani walicheka. Mimi sikucheka. Mkono ule ndio nilioushika ngazini.

Nilimsihi shemeji mara mbili amwache aende kwenye tangi, muda ungalipo. Alijibu, "Akituma kutoka kwenye tangi, ramani yake itaonekana ya kweli."

Shemeji alifungua mwenyewe saa sita na dakika kumi. Hakuna kilichotumwa.

Afisa wa polisi ananiuliza kama mpimaji angeweza kupiga simu kuomba msaada. Swali hilo nimekaa nalo tangu asubuhi. Nikisema angeweza, basi alikaa tu mle na simu inayoshika, shemeji anarudi nyumbani, na ramani inabaki kijani. Nikisema hangeweza, shemeji alimfungia mtu asiye na pa kuitia msaada, na mimi nilisaini uongo. Leo kwenye benchi hapo nje ameniambia, "Shemeji, usinitetee kwa ile ramani."

Hangeweza. Mle ndani mtandao haupo, na haujawahi kuwapo.

Mtu mmoja amefungiwa saa moja na dakika hamsini, jalada limefunguliwa. Kijiji kimefungiwa kwa rangi, na hakuna aliyeniuliza nani alifunga. Tulifunga wawili: mpimaji kwa uvivu wake, mimi kwa majivuno yangu. Naomba karatasi hii iambatanishwe na ramani.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Nayasaini, safari hii nikijua ninachosaini.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni maneno yake. Nimejaribu kuyatuma makao makuu kwa intaneti kuanzia saa nane hadi saa kumi, hayakwenda. Kituo hiki kimo ndani ya eneo la kijani. Yatapelekwa kesho kwa pikipiki. Hadi majibu yarudi, shahidi na muuguzi wabaki kituoni.