Miguu Yako Chini ya Pazia

Mama,

Visa imetoka. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiniuliza kila jioni kabla hata sijavua viatu: "Wamesemaje hao watu?" Wamesema ndiyo, Mama. Ujumbe uliingia nikiwa kwenye foleni ya maji pale nje ya ploti. Nilisoma mara ya kwanza sikuelewa, nikasoma tena, nikaacha mtungi wangu pale pale na kupanda ngazi mbio kuja kukwambia. Nilifika mlangoni mdomo umeshafunguka. Ndipo nikakumbuka kwamba hupo tena. Nilikaa kwenye kizingiti nikalia mpaka jirani wa mlango wa pili akaniletea mtungi, umejaa.

Nilipaswa kuwa nimezoea sasa. Tulikuzika kule nyumbani Bungoma kabla ya mvua kuanza, na mahindi yaliyopandwa baada ya hapo yameshavunwa. Lakini bado nikipika ugali napika wa watu wawili. Kibanda chako cha mapazia sokoni amekichukua mwanamke wa kuuza mashuka. Ni mtu mzuri, hana makosa yoyote, na mimi napita njia ya nyuma nisimwone.

Faili la visa bado liko kitandani, upande wa ukutani. Wewe ndiye uliyelipatia jina. Likizo ya mume wangu Barasa ilipoisha baada ya harusi akarudi Kanada kwenye lori lake, upande wake wa kitanda ukabaki na hilo faili la karatasi, nawe asubuhi unachungulia na kuuliza, "Mke mwenza ameamkaje?" Nakujibu kwamba leo anataka cheti cha tabia njema, juzi alitaka kupigwa picha ya kifua, na sasa anataka barua ya chifu. Ukasema tangu uzaliwe hujaona mwanamke mlafi namna hiyo.

Tulicheka sana wakati ule. Tulidhani ni suala la subira tu. Barasa alikuwa ameshapata ukaazi, na sheria yao inamruhusu mume kumdhamini mkewe aende akakae naye, mradi waridhike kwamba ndoa ni ya kweli. Sisi tulijua ndoa ni ya kweli ikiwa wazee wameketi, kanisa limejaa na watu wamekula. Kumbe wao wanataka kuona mapenzi yenyewe, tena yamechapwa. Unakumbuka siku tuliyopeleka simu yangu kwa yule dada wa saiba, lile duka la kompyuta kule Spine Road, atuchapie jumbe zangu na Barasa? Alitazama, akashika kiuno. "Siz, hizi zote tuprint? Hata hizi za umekula, nimekula?" Nilitaka kufa kwa aibu. Wewe ukamwambia aanze na hizo, kwa sababu hizo ndizo ndoa yenyewe, mengine ni maneno ya vijana.

Picha ndizo zilizotuangusha. Nakuandikia wewe uliyekuwepo, lakini nataka kuisema yote kwa mpangilio angalau mara moja.

Barasa alipokuwa mwimbaji mwenzangu tu wa kwaya, kabla hajaenda Kanada, anatoka Komarock kuja mazoezini, ulimmiminia chai kwa mkono wako. Ulimtania kwamba sauti yake ya besi inatikisa sufuria. Ulimuuliza yeye ni mtoto wa nani, na alipotaja ukoo wake ukasema basi hamna mwizi humo. Halafu wazee wake wakaja kuniposa. Siku hiyo hiyo, wakiwa bado wanavua kofia, ulishusha lile pazia la kijani kati ya jikoni na sebule, ukaingia nyuma yake, na Barasa hakukuona uso tena. Alikuwa amekuwa mkwe. Mama mkwe wa kwetu hakai chumba kimoja na mume wa binti yake, hampi mkono, hali mbele yake. Ulilichagua pazia hilo mwenyewe kutoka robota la mitumba, zito, lenye majani makubwa, na wateja waliolitaka ukawaambia lina mwenyewe.

Tangu hapo mkaongea kupitia kitambaa. Yeye akiingia anasimama karibu na sofa, anatazama mlango wa nje, anasema, "Mama, mko salama huko?" Nawe jikoni unaacha mwiko. "Tuko salama, baba. Kuleni mshibe." Alikuita wewe kwa wingi nawe ukamwita yeye kwa wingi, utadhani kila mmoja wenu ni umati. Mimi katikati, nabeba sahani kutoka kwako kwenda kwake, na sikuwahi kuona heshima nzuri kama hiyo. Nilidhani kila mtu duniani akituangalia ataiona.

Basi watu wa visa wakaandika. Barua yao ilikuwa ya adabu, siwezi kusema walitukana. Walitaka kujua kwa nini mama wa bibi harusi, ambaye bibi harusi anaishi naye nyumba moja, haonekani na bwana harusi katika picha hata moja. Kanisani upo na akina mama wenzako tu. Sebuleni kwenye chakula yupo yeye, hupo wewe. Waliuliza kama familia yangu inaijua ndoa hii. Nikijibu vibaya, safari ilikuwa imekwisha, na mimi na Barasa tungebaki kuwa mume na mke wa simu.

Nilikusomea barua ile nikiitafsiri polepole, na nikakuona unavyokunjana. Hukuuliza Barasa atasema nini. Uliuliza, "Kwa hivyo ni mimi niliyekufungia mlango?" Nilisema hapana, nikasema tena hapana, lakini ulishaanza kupanga vitambaa vyako bila kunitazama.

Sitaisahau Krismasi ile. Barasa alikuja, na wewe miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba kwa ile presha, hata slipas zako za bluu zilikuwa zinakubana. Ulivaa gauni lako la Umoja wa Akina Mama, ukafunga kitambaa cheupe, ukajikokota mpaka kwenye kile kiti karibu na sofa. Ulisema umeongea na Mungu na ataelewa. Ukaniambia nimwite tupige hiyo picha. Barasa aliingia kinyumenyume, Mama. Mtu mzima, dereva wa malori, aliingia nyumbani kwetu akitanguliza mgongo, akakaa ncha ya sofa, uso sakafuni, jasho likimtoka. Nikainua simu. Kwenye kioo cha simu nikakuona umefumba macho, umeshika magoti yako kwa nguvu, unangoja tu iishe.

Sikuweza. Ulinilea na neno hilo moja, heshima, ukanifundisha nalo kutembea, kupika na kunyamaza, na sasa nilikuwa nakuvua heshima hiyo mbele ya mkwe wako ili mtu nisiyemjua aridhike. Nilishusha simu nikakwambia rudi tu jikoni, Mama. Ulikasirika. Uliniambia nachezea maisha yangu, kwamba mwili huo ni wako na aibu hiyo ni yako, uliamua kuitoa, mimi ni nani wa kuikataa? Barasa alitoka nje akasimama kwenye veranda na akina mama waliokuwa wakianika nguo. Jioni, tulipokuwa tunachambua mboga, ndipo ukasema, "Basi waandikie ukweli. Kama na wao wana mama, wataelewa."

Niliandika. Nilieleza mambo ya mkwe na pazia, katibu wa kanisa akanisaidia Kiingereza, nikatuma. Na nikurudishie ukweli wangu sasa, Mama: kuna siku najuta. Si kwa sababu ya visa. Ningebonyeza tu kwa kidole, leo ningekuwa na picha yako umevaa gauni lile. Hiyo ndiyo ingekuwa picha yako ya mwisho. Nilidhani ninakulinda, na sikujua kwamba umebakiza siku chache. Sijui kama nilifanya vizuri. Nikiamka nikiwa na nguvu nasema nilifanya vizuri.

Moyo wako ulisimama kabla hawajajibu.

Nikuambie alichofanya mkwe wako, kwa sababu wewe hukukiona. Aliomba ruhusa kazini akaja tena, hata mizigo ya Krismasi hajaifungua vizuri kule. Ulikuwa umelazwa sebuleni nyumbani Bungoma, na watu wanaingia kukuaga. Yeye hakuingia. Shangazi zangu walikuwa wanamtazama kuona kama amesahau desturi huko alikokwenda. Alizunguka nyumba mpaka dirisha la sebule, lile lenye pazia la nailoni, akasimama upande wa nje, akatazama migomba. Akasema kwa sauti ile ile ya siku zote, "Mama, mko salama huko?"

Nilikuwa nimeketi kichwani pako. Nilingoja, Mama, usinicheke, kwa kweli nilingoja ujibu. Kisha nikajibu mimi, kwa sababu mtu hawezi kuachwa dirishani na salamu yake. "Tuko salama, baba. Kuleni mshibe." Nilimsikia huko nje akilia, na hakufunika mdomo.

Baada ya matanga watu wa visa wakanipigia simu ya mahojiano. Nilikuwa nimejifungia chumbani, mke mwenza amefunguka kitanda kizima. Aliyeniuliza alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Aliuliza habari za kwaya, za harusi, Barasa analala upande gani, anakunywa chai vipi. Kisha akafika kwako. Je, mama yako alimkubali huyu mume?

Nilimwambia afungue ile picha ya sebuleni siku ya harusi, Barasa ameketi kwenye sofa ana soda mkononi. Asimtazame Barasa. Atazame nyuma yake, pazia linapokomea. Nikasikia anabonyezabonyeza. Mwishowe akasema, "Naona miguu."

Nikasema ndiyo, huyo ndiye mama yangu. Nikamwambia aone slipas za bluu, na kidole gumba kisicho na kucha kwa sababu jiko lilikiangukia nikiwa mtoto. Nikamweleza kwamba mama yangu hakuwahi kumwogopa mwanamume yeyote. Barasa alipokuwa rafiki tu, mama alimtazama usoni na kumtania. Siku aliyojificha ndiyo siku aliyomkubali, na kama asingemkubali angekuja kukaa hapo kwenye sofa, amkodolee macho mpaka aondoke. Kwetu hatujifichi kwa wapita njia. Maneno yalitoka tu, Mama. Sikuwa nimeyapanga.

Aliniuliza kama anaweza kuzungumza nawe kidogo kwa simu.

Nilikuwa nimeshalisema neno hilo, umefariki, kwa Kiswahili, nimelisema kwa Kibukusu, nimelililia kanisani. Sikuwa nimewahi kulisema kwa Kiingereza. Lilitoka likiwa fupi na baridi, nikaona aibu kukutaja hivyo. Yule mwanamke akasema pole, na nadhani alimaanisha. Halafu akasema itabidi nitume cheti cha kifo.

Kwa hivyo na wewe umo kwenye faili. Nilikitia mwenyewe katikati ya cheti cha ndoa na zile jumbe za umekula. Mke mwenza alikula mpaka wewe, na baada ya hapo hakuomba kitu tena.

Naondoka wiki hii. Mapazia yaliyobaki nimempa rafiki yako wa kibanda cha jirani, ayauze kwa bei yako, asikubali kubembelezwa. Gauni la Umoja amelichukua shangazi. Nyumba nitaikabidhi kesho kutwa, na mwenye nyumba ameshaleta watu kutoka Njiru kuitazama. Walisimama hapo jikoni wakasema ni ndogo. Nilitaka kuwaambia ni nani aliyetosha humu.

Pazia la kijani sikumpa mtu. Nimelifua, limekauka, liko chini kabisa ya sanduku. Nilipompigia Barasa nilimuuliza kama kule kwake kuna mlango kati ya jikoni na sebule. Akasema hakuna, nyumba za huko ni wazi tu, ukiingia unaona mpaka sufuria. Kisha akasema chuma cha pazia ameshakinunua, hakujua tu ataniambiaje.

Ulikuwa ukisema huko hutakuja kamwe, kwani mama hawezi kulala kwa mkwe wake, labda alipiwe hoteli. Sasa utakuja, na hutavunja heshima ya mtu. Utakuwa na upande wako. Nakuahidi nitalitundika siku ile ile ya kufika, kabla sijafungua mizigo. Nakuahidi pia kwamba Barasa akirudi kutoka safari zake akasimama karibu na sofa na kuuliza, hataachwa bila jibu. Nitaacha mwiko, nitajibu kwa maneno yako, na nikipata watoto nitawafundisha kujibu.

Lala, Mama. Pumzisha hiyo miguu. Tuko salama huku, na tutakula tushibe.

Binti yako,
Nekesa